Nusu Kidonge

Nilimuua paka wangu kwa nusu kidonge cha parasetamoli. Sikukusudia, lakini mkono ulikuwa wangu.

Tulimtoa katika makao ya wanyama waliookotwa, hapa Nairobi. Wanangu walikimbilia vipaka vidogo. Yeye, paka mzima wa rangi ya kahawia, alipenyeza mguu kwenye wavu akanishika mkono wa shati. Basi nikawa nimechaguliwa. Tukamwita Kitumbua. Alikuwa ameshafungwa uzazi na kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa kumlisha tu na kukubali mapenzi yake: kila jioni alinipanda mapajani, akinikanda tumbo kama mtu akandaye unga wa chapati, huku akikoroma.

Haukupita muda tukaanza kumhesabu kuwa mtoto wetu wa nne. Nami nikayaamini maneno hayo kupita kiasi.

Jumamosi moja, jioni, alirudi akichechemea. Nambari ya daktari wa mifugo ninayo, lakini niliona haya kumsumbua mtu usiku kwa mguu wa paka. Isitoshe, kwangu daktari ni mimi: mwenye homa nusu kidonge, mwenye jino nusu kidonge, na mpaka siku hiyo hakuna aliyelalamika. Nikampanua mdomo, nikamtia. Hakunikwaruza.

Kulipokucha uso ulikuwa umevimba na pumzi zimekuwa fupi. Nikamkimbiza kliniki. Daktari, kijana wa rika la mwanangu mkubwa, alimfunua mdomo. Ufizi ulikuwa rangi ya matope.

"Mzee, umempa dawa yoyote?"

"Nusu tu ya parasetamoli," nikajibu, karibu kwa majivuno. "Hata watoto nawapa."

Akaweka kalamu mezani. Hakunikemea. Niliitazama ile kalamu, nikajua.

Alinieleza taratibu. Ini la paka halina uwezo wa kuivunjavunja dawa hiyo kama letu linavyofanya, kwa hiyo inageuka sumu, na damu inashindwa kubeba oksijeni. Ipo dawa ya kuizuia sumu hiyo, lakini inataka kuwahiwa, na mimi nilikuwa nimelala usingizi mzuri usiku kucha. Alimtibu kwa alichokuwa nacho. Kitumbua alikufa Jumatatu alfajiri.

Na ule mguu? Daktari alichomoa mwiba wa michongoma katikati ya vidole vyake. Ulikuwa mfupi kuliko njiti ya kiberiti.

Nilimpenda kama mtoto, nikamtibu kama mtoto, nikasahau kwamba ni paka. Nawe ukiwa naye nyumbani, dawa za watu zisimguse, hata robo. Piga simu kwanza, hata kama ni usiku. Ile nambari niliyoona haya kuipiga, daktari aliniambia, hupokewa saa ishirini na nne.