Mchezo wa Mchana na Wasikilizaji Wake

Wapo wataalamu wa redio na televisheni wanaoamini kwamba mchezo wa kuigiza ukitungwa vizuri utapata watu wake saa yoyote utakapotolewa. Mimi niliyezaliwa Kilosa na kufundisha shule miaka mingi Mikumi siamini hivyo, na katika kurasa hizi napenda kueleza kwa nini. Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo, maana michezo ya mfululizo huhesabiwa na wengi kuwa ni porojo za kupitishia wakati. Lakini hapa nchini tuliwahi kuikabidhi michezo ya namna hiyo kazi ya kuokoa roho za watu. Hatuna budi basi kujua, inaposhindwa kuwapata wasikilizaji, hushindwa kwa sababu gani.

Asili ya michezo hii ni mchana. Mnamo mwezi wa Oktoba, 1930, kituo cha redio cha WGN mjini Chicago, Marekani, kilianza kutangaza mchezo ulioitwa Painted Dreams, uliotungwa na mwanamke aitwaye Irna Phillips. Ulitolewa mchana kwa makusudi. Mume alikuwa kazini, watoto walikuwa shuleni, na mke alibaki peke yake nyumbani akifua na kupiga pasi, huku redio ikimzungumzisha. Makampuni ya sabuni yakatambua kwamba huyo ndiye mnunuzi wao, yakaanza kuigharimia michezo hiyo, na ndiyo maana hadi leo Wamarekani huiita michezo ya sabuni. Kwa hiyo mchezo wa mchana ulizaliwa katika nyumba ya namna fulani: nyumba yenye umeme na maji ya bomba, na mwenye nyumba asiyekwenda shamba.

Sasa msomaji na autazame mchana wa Kilosa. Nilipokuwa mtoto, saa sita mama zetu walikuwa bado katika bonde la Mkondoa, wakipalilia mahindi au wakiamia ndege katika mpunga. Waliorudi mapema walikuwa na kuni, maji na chungu cha kuinjika. Huko Kimamba na Rudewa wakataji wa mkonge walitoka alfajiri, na aliyemaliza kipande chake mapema alirudi amechoka, akala, akalala. Redio yenyewe ilikuwa mali ya baba. Alipotoka ilitoka naye, ikining'inia begani. Na hata ilipobaki nyumbani, mara nyingi mchana haikuwa na uhai, kwa kuwa betri zilikuwa zimeanikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya kutufikisha kwenye taarifa ya habari ya jioni. Nimesoma maelezo mengi ya wasomi juu ya tabia za wasikilizaji wa vijijini, wala sikumbuki kuona betri zilizoanikwa zikitajwa.

Tena lipo jambo la mila. Bibi yetu alitukataza kabisa kutambiana hadithi mchana, akisema kwamba atakayethubutu ataota mkia. Katazo hili, kwa maneno haya au mengine, linajulikana kwa makabila mengi ya nchi yetu. Wengine hulicheka kama ushirikina wa wazee. Mimi naona lilikuwa ratiba ya vipindi, iliyotungwa na watu waliojua kwamba mtoto anayesikiliza hadithi mchana ni mtoto ambaye ndege wanamlia mpunga. "Hadithi, hadithi!" ilipoitwa, "Hadithi njoo!" iliitikiwa na watu waliokwisha kula, na kazi zote zimelala.

Mikumi nilikuta mchana wa namna nyingine kabisa. Mji huo umekaa juu ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia, na baada ya televisheni kuanza Tanzania Bara mwaka 1994 haukupita muda mrefu migahawa ya kando ya barabara ikatundika seti ukutani. Katika mgahawa mmoja niliozoea kula, tamthilia ya kigeni ilikuwa ikionyeshwa karibu na saa saba, siku kwa siku. Watu walikuwapo tele, wala hawakuwa na kazi nyingine ila kula. Walitazama kwa dakika 20, basi likapiga honi, wakaondoka. Yule bibi wa katika tamthilia aliyekuwa akilia kwa sababu ya barua aliachwa analia, na abiria waliomwona leo walikuwa Makambako au Dar es Salaam kesho yake. Mchezo wa mfululizo humtaka mtu yule yule arudi mahali pale pale. Kilosa watu ni wale wale, lakini mchana hawana nafasi. Mikumi mchana watu wana nafasi, lakini kesho si wale wale. Baada ya miezi michache mwenye mgahawa akabadilisha, akaweka muziki wa dansi, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mpishi, ambaye kumbe ndiye peke yake aliyekuwa akiufuata mchezo ule tangu mwanzo.

Asije mtu akafikiri kwamba haya ni matatizo ya umaskini tu. Huko huko Marekani, tarehe 27 Machi, 1989, shirika la televisheni la NBC lilianzisha mchezo wa mchana ulioitwa Generations, uliobuniwa na Sally Sussman, ambao matukio yake yaliwekwa Chicago. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa mchana nchini humo ulioiweka familia ya watu weusi katikati ya hadithi tangu siku ya kwanza, sambamba na familia ya Wazungu. Mama mzee wa ukoo huo mweusi alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu hao, ilhali mkwewe alikuwa amejijengea biashara ya maduka ya aiskrimu. Nia ilikuwa njema, na Wamarekani weusi walikuwa watazamaji wakubwa wa michezo ya mchana. Hata hivyo mchezo ule ulizimwa tarehe 25 Januari, 1991, kabla haujatimiza miaka miwili.

Sababu hazikuwa moja, lakini iliyo kubwa kwa maoni yangu ni hii: ulitolewa saa ile ile ambapo shirika la CBS lilikuwa likionyesha The Young and the Restless, mchezo uliokuwapo tangu 1973, na ambao watu weusi wengi walikwisha uzoea na kuupenda. Kwa hiyo mama wa Chicago aliambiwa aache watu aliowajua kwa miaka 15, ambao ndoa zao na mazishi yao aliyahudhuria, ili akaketi na wageni kwa sababu tu wageni hao walifanana naye. Hakukubali, nami simlaumu. Baraza huwa na wenyewe, wala hawahamishwi kwa tangazo. Hata mmoja wa waigizaji vijana wa Generations, Kristoff St. John, mwaka ule ule wa 1991 alikwenda kuigiza katika The Young and the Restless, akabaki humo hadi karibu na kifo chake mwaka 2019. Yaani sura nyeusi iliwafikia watazamaji wale kwa kuingia katika baraza lao. Wale wanaodhani kwamba utamaduni wa taifa hukuzwa kwa kubadilisha sura za waigizaji peke yake wangefanya vema kulitafakari jambo hili.

Hapa kwetu waliopata kufaulu ni wale walioanza kwa kujiuliza msikilizaji yuko wapi saa ngapi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na vikundi hivyo vilikutana kwa saa maalumu, pamoja na kiongozi wao na kitabu chao. Halafu, mwezi wa Julai, 1993, Radio Tanzania Dar es Salaam ikaanza kutangaza Twende na Wakati. Mchezo huo ulisikika jioni, mara mbili kwa wiki. Mhusika wake mkuu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori la masafa marefu, mlevi na mwenye wanawake njiani kote, ambaye mwishowe anaugua UKIMWI na kufa. Na mkewe Tunu ndiye anayejifunza polepole kujitegemea.

Mimi niliusikia mchezo huo Mikumi, na sidhani kama palikuwapo mahali pengine nchini palipostahili kuusikia zaidi. Jioni malori yalikuwa yamepangana kando ya barabara, madereva wamekwisha oga, wanasubiri nyama ichomwe, na wasichana waliokuja kutafuta maisha kutoka vijiji vya mlimani wakihudumia meza. Redio ilikuwa juu ya kaunta. Mkwaju alipotoa uongo wake wa kwanza, meza nzima ilicheka kwa kumtambua. Miezi ilivyopita, kicheko kile kilipungua. Wengine tuliocheka nao tuliwazika kabla mchezo haujafika mwisho. Laiti ungetolewa saa saba mchana, wale madereva wangekuwa mlima Kitonga, wale wasichana wangekuwa wamelala, nasi tungebaki na mchezo mzuri usio na msikilizaji hata mmoja kati ya wale uliotungiwa.

Watafiti waliotaka kuupima mchezo huo walifanya jambo la ajabu kidogo: katika eneo la Dodoma kituo cha huko kilitoa vipindi vingine badala yake hadi 1995, ili watu wa Dodoma walinganishwe na wengine. Kilosa imepakana na mkoa huo. Basi kwa miaka miwili Mkwaju alikuwa gumzo upande wetu wa milima, na upande wa pili hakujulikana. Matokeo yalionyesha tofauti katika mazungumzo ya watu na wenzi wao juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI, na serikali iliridhika. Kwangu mimi lililobaki akilini ni lile neno mazungumzo. Watu walisikia pamoja, na kwa hiyo walikuwa na la kuzungumza pamoja njiani kurudi nyumbani.

Siku hizi tamthilia zinatiwa sauti za Kiswahili, nalo ni jambo la kufurahisha. TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake mwaka 2011, kina mama wa Kilosa waliielewa bila kufafanuliwa, kwa kuwa mama mkwe hahitaji mkalimani. Lakini sasa kila mtu ana simu yake, na saa imekuwa mali ya mtu binafsi. Nilipopita Mikumi mwaka jana, malori yalikuwa yamepangana vile vile, na kila dereva alikuwa ndani ya lori lake amejifunika shuka, uso umeangazwa na kioo cha simu, kila mmoja akitazama mchezo wake. Redio ya juu ya kaunta haipo tena. Wanaotunga michezo ya afya kwa ajili ya barabara ile wana kazi mpya ya kufanya, nayo si ya kutafuta saa; ni ya kutafuta namna ya kuwarudisha watu wale kwenye meza moja.