Ukishakula ada, kalenda si yako!

Kama wewe ni mtoto wa mjini na simu yako ina intaneti, bila shaka umeshakutana na hawa jamaa wanaohubiri ulaji wa kuuza opsheni kwenye masoko ya hisa ya Marekani. Eti unajilaza zako kitandani, unabonyeza, dola zinaingia, unangoja tarehe ya mwisho ifike, biashara imekwisha. Mimi sina ugomvi na mtu anayetafuta mshiko. Ila kuna kipengele kimoja katika ulaji huo ambacho hupitwa harakaharaka, na kipengele hicho hicho kiliwahi kuitikisa familia yetu. Leo tukiongelee.

Kwanza tuelewane opsheni ni mnyama gani. Chukulia una kiwanja chako Kigamboni. Anakuja jamaa anakwambia, bwana, nishikie kiwanja hiki miezi 2, bei yetu iwe milioni 20, na kwa usumbufu wako chukua hii laki 5, ni yako hata nisipokuja. Unaichukua, unatia mfukoni. Kuanzia hapo mwenye hiari ni yeye. Akitaka atakuja, asipotaka basi. Wewe uliyekula ada huna hiari tena, una wajibu. Hiyo ndiyo opsheni ya kununua. Ipo na ya pili, opsheni ya kuuza, ambayo ni kinyume chake: unapokea ada kwa kumwahidi mwenye kiwanja kwamba bei ikianguka, wewe utakichukua kwa bei ile ile ya zamani.

Sasa swali la mtego. Je, huyo jamaa ni lazima angoje miezi 2 iishe? Thubutu! Anaweza kukugongea kesho alfajiri hujapiga hata mswaki. Miezi 2 ndiyo mwisho wa haki yake, siyo siku ya miadi.

Opsheni za hisa za kampuni mojamoja kule Marekani ndivyo zilivyo. Soko la opsheni la Chicago, linaloitwa CBOE, lilifunguliwa tarehe 26 Aprili 1973 na opsheni za kununua za kampuni 16 tu. Zile za kuuza zikafuata mwaka 1977. Kwa kawaida mkataba mmoja ni hisa 100, na mwenye haki anaweza kuitumia siku yoyote ya biashara kabla ya mkataba kufa. Akiitumia, wewe uliyeuza unaitwa utimize ahadi.

Nilijifunza neno hilo Oktoba 2022. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Houston, anaendesha lori. Usiku mmoja akanipigia WhatsApp. Nikamwamkia, shikamoo kaka. Hakuitikia marahaba, akasema moja kwa moja, "Mdogo wangu, nimeitwa."

Nikashtuka. "Umeitwa wapi kaka, mahakamani?"

Haikuwa mahakamani, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kizimbani. Alikuwa ameuza opsheni 4 za kuuza, bei ya makubaliano dola 50 kwa hisa. Ada aliyopata ilikuwa dola 600. Kwenye akaunti ya dalali alikuwa na dola 9,000, ndani yake zikiwemo pesa alizokuwa akimwekea mama mkubwa kwa ajili ya operesheni ya goti. Hisa ikaporomoka mpaka dola 38. Kaka hakutetereka sana, akajipa moyo kwamba zimebaki wiki 3, mpaka hapo itapanda tu. Akaingia barabarani na lori lake.

Asubuhi anafungua simu, anakuta yeye ni mmiliki wa hisa 400 alizonunua kwa dola 50 kila moja. Jumla dola 20,000! Pesa yake 9,000, zilizobaki 11,000 amekopeshwa na dalali, na riba inahesabiwa. Mzigo wenyewe sokoni una thamani ya dola 15,200. Na dalali anataka aongeze zaidi ya dola 3,000 ndani ya siku chache, la sivyo hisa zitauzwa. Kaka hakuwa nazo. Akaziuza zote, akalipa mkopo, akabaki na dola 4,200 hivi. Goti la mama mkubwa likawekwa kiporo.

Hapa naomba tuwe wakweli, tusimwonee mtu. Hasara ile haikuletwa na kuitwa mapema. Ililetwa na hisa kushuka kutoka 50 hadi 38, na ingekuwepo hata kama asingeitwa. Kilichofanywa na kuitwa ni kumnyang'anya muda. Zile wiki 3 alizokuwa anazitegemea hazikuwa zake hata siku moja. Alikuwa ameshaziuza, kwa dola 600.

Mimi kwa ubishi wangu nikauliza, huyo aliyemwita alikuwa na haraka gani? Nikaja kuelewa kwamba mtu huyo alikuwa na akili zake timamu. Hisa ikishaanguka mno chini ya bei ya makubaliano, opsheni ya kuuza inakuwa haina tena cha kungojea. Mwenye nayo anaona heri achukue dola zake 5,000 kwa kila mkataba leo, aziweke mahali zizae riba. Na mwaka ule riba ilikuwa imechangamka: benki kuu ya Marekani ilianza 2022 riba yake ikiwa karibu na sifuri, kufika Septemba iko kati ya asilimia 3 na 3.25. Riba ikipanda, mwenye opsheni ya namna hiyo anazidi kuwa na sababu ya kuja mapema.

Upande wa opsheni za kununua sababu ni nyingine, nayo ni gawio. Turudi Kigamboni. Kwenye kiwanja chako pana mwembe, na embe zinavunwa Jumamosi. Yule jamaa aliyekupa laki 5, kama kiwanja kimeshapanda bei na anajua atakinunua tu, atakuja lini? Ijumaa! Akichelewa mpaka Jumapili, embe umeshakula wewe. Gawio la hisa ndiyo embe zenyewe. Kuna tarehe ambayo ukinunua hisa kuanzia siku hiyo gawio linalofuata hulipati, kwa hiyo mwenye opsheni anaitumia siku moja kabla.

Hesabu yake haina uchawi. Hisa iko dola 58, bei ya makubaliano 50, opsheni inauzwa dola 8.10. Katika hizo, dola 8 ni faida iliyo wazi, senti 10 ndiyo thamani ya muda uliobaki. Gawio likiwa senti 60, nani atang'ang'ania senti 10 aache 60? Hapo aliyeuza ajue mgeni yuko mlangoni. Na kama aliuza bila kuwa na hisa zenyewe, anajikuta anadaiwa hisa 100 na gawio la dola 60 analilipa yeye. Lakini kama kampuni haitoi gawio, mwenye opsheni ya kununua hana sababu ya maana ya kuitumia mapema, kwa sababu akiiuza sokoni anapata zaidi. Robert Merton, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 1997, alilionyesha hilo kwa hesabu tangu 1973.

Na usifikiri utabembelezwa. Mwenye haki akishaamua, taarifa inakwenda kwenye shirika la kati linaloitwa OCC. Hilo linachagua dalali kwa bahati nasibu, naye dalali anachagua kati ya wateja wake, ama kwa bahati nasibu vilevile au kwa kufuata aliyeuza kwanza. Kazi hiyo inafanyika usiku, wewe unapewa habari asubuhi. Kuinunua tena opsheni yako ili ujitoe kunasaidia kabla hujaitwa. Ukishaitwa, ndiyo hivyo tena.

Wapo wanaojiona wajanja zaidi. Wanauza opsheni moja na kununua nyingine ya kuwakinga, wakiamini wameziba mashimo yote. Kinga hiyo ni ya kweli, ila mguu mmoja ukiitwa mapema, ule mwingine unabaki umesimama peke yake, na namba za kwenye simu zinaweza kukutoa roho. Juni 2020 kijana mmoja wa Kimarekani, wa miaka 20 tu, aliona kwenye programu ya simu kwamba salio lake ni hasi ya zaidi ya dola 730,000. Halikuwa deni lake halisi, maana upande wa pili wa biashara ile ulikuwa bado haujahesabiwa. Alijaribu kuwaandikia wahusika, hakupata mtu wa kumweleza. Akajiua. Juni 2021 FINRA, chombo kinachowasimamia madalali kule, kikaitoza kampuni ile faini ya dola milioni 57 kwa makosa mbalimbali, yakiwemo ya kuwaonyesha wateja taarifa zisizo sahihi.

Msomaji, hapo naomba nitue kidogo. Namba ikikutisha kwenye simu, usikae nayo peke yako chumbani. Piga simu kwa kaka, dada, rafiki, hata kama haelewi opsheni ni nini. Kaka yangu alinipigia mimi ambaye sikuelewa kitu, na nilichofanya ni kumsikiliza tu. Deni lina mazungumzo, uhai hauna.

Je, nakwambia usiuze opsheni? La hasha. Watu wanauza na wanakula. Zipo hata opsheni zisizoitwa mapema, zinazojulikana kama za mtindo wa Kiulaya, ambazo zinatumika siku ya mwisho tu; za kipimo cha soko cha S&P 500 zinazoitwa SPX ni mfano. Jina lisikuchanganye, maana zinauzwa hapo hapo Chicago. Lakini kwa hizi za hisa za kampuni, kabla hujaifurahia ada jiulize swali moja tu: nikiitwa usiku wa leo, ninazo? Hizo hisa ninazo? Hizo dola zote, siyo robo yake, ninazo? Kama jibu ni ndiyo, kuitwa hakutakuliza. Umeuza au umenunua kwa bei uliyoikubali mwenyewe. Kama jibu ni hapana, basi umekula wa chuya.

Goti la mama mkubwa lilitibiwa mwaka uliofuata, baada ya ukoo mzima kuchangishana, na mimi nilitoa cha kwangu. Kaka akamweleza habari yote kwa simu, tukiwa tumeweka sauti ya juu tusikie wote. Mama mkubwa, ambaye miaka mingi amepangisha vyumba vyake Magomeni, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani mwanangu, pesa ya mwenzio ulishaipokea, ulitaka aje siku unayotaka wewe?"

Kaka bado anauza, lakini sasa kila mkataba una dola zake zote pembeni, na za mama haziguswi. Anapata kidogo zaidi ya robo ya alichokuwa akipata zamani. Ila anasema akiwa safarini na lori lake siku hizi, simu haiangalii mpaka afike anakokwenda.