Hewa ya Goma

Mji wa Goma, bandari ya ziwa Kivu, umejengwa juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na mlima Nyiragongo, wenye kimo cha meta 3470. Tangu Juni hadi Agosti mvua huadimika, na vumbi la mawe hayo hujaa njiani. Mvua irudipo vumbi hutulia. Lakini matone yapitayo katika moshi wa mlima huwa makali.

Hatari kubwa zaidi haionekani, wala haina harufu. Ndiyo mazuku: gesi ya kaboni itokayo ardhini, hasa upande wa Sake. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni usiku, upepo unapolala. Mchana upepo huipunguza. Basi, wazazi, msiwaache watoto washuke humo alfajiri kufuata mbuzi. Na mtu akianguka, msimkimbilie shimoni: mazuku humwua hata mwokozi.