Ave Africa: santuri iliyozaliwa ugenini

Nenda stendi ya Sumbawanga, waulize vijana wanaojaza nyimbo kwenye flashi kama wana *Ave Africa* ya Sunburst. Watakuuliza ni kwaya ya parokia gani. Huku kwetu Ufipa ukitamka "Ave", watu wanasubiri Maria afuate.

Si kwaya. Sunburst walikuwa bendi ya Dar es Salaam, vijana wa miaka ya sabini, Hembi Flory Kongo na wenzake, waliopiga roki. Albamu yao hiyo ilitoka mwaka 1976, tena haikutokea nyumbani, ilitokea Zambia. Ikasahaulika. Mwaka 2016 lebo ya Strut, iliyoanzia London, ikaitoa upya ikiwa imenenepa: nyimbo za albamu yenyewe, pamoja na nyimbo za santuri ndogo na zile walizorekodi Radio Tanzania. Jina la toleo hilo linasema wazi kuwa ni rekodi zao zote za 1973 hadi 1976.

Nimekuwa nikiisikiliza mwaka mzima sasa. Mara ya kwanza inakuvuruga kidogo. Kama umekulia kwenye muziki wa dansi, umezoea magitaa yanayosukana taratibu kama ukili, na matarumbeta yanayojibu waimbaji. Hapa gitaa linakwaruza, linapiga kelele, halafu linatulia ghafla ngoma zichukue nafasi. Wimbo mmoja jina lake ni la Kiswahili, "Enzi za Utumwani", mwingine ni la Kiingereza, "Let's Live Together". Unabaki unajiuliza: hawa walikuwa wanamwimbia nani?

Ili kupata jibu, kumbuka zama zenyewe. Januari 1969 Operesheni Vijana ilianza, ikipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Halafu miaka michache tu baadaye wanatokea vijana na magitaa ya roki. Mtu angeweza kusema upesi: hao wameiga wazungu, basi.

Sisi wapenzi wa fasihi tunaijua vizuri kesi hii, maana na sisi tulikuwa nayo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wanamapokeo wakauliza kama hayo ni mashairi kweli. Hoja ilikuwa ileile: umeazima kwa wageni, umeacha cha kwetu. Tofauti ni kwamba Kezilahabi alikuwa na kitabu kilichochapwa, kikaingia maktaba, kikabishaniwa, mpaka leo wanafunzi wanakisoma. Sunburst hawakupata hata mabishano. Huwezi kubishania santuri ambayo haimo nchini.

Ndiyo maana naona sehemu iliyoongezwa kwenye toleo la 2016 ina uzito kuliko albamu yenyewe. Ukisikiliza *Ave Africa* peke yake, unaweza kudhani ni bendi ya Zambia iliyojua Kiswahili. Ukiongeza rekodi za redio na za santuri ndogo, unawasikia watu wakitafuta njia. Unasikia ngoma za nyumbani, unasikia na gitaa linavyozidi ujasiri. Ni kama kupewa rasimu za mwandishi baada ya kusoma kitabu chake kimoja tu. Lile neno "kuiga" linapungua nguvu lenyewe, bila mtu kulipinga.

Na kwa nini Zambia? Hapo nilimhitaji mtu wa nyumbani anifafanulie.

Kwa mtu wa Ufipa, Zambia si ughaibuni. Kutoka hapa kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 1,100. Mpaka wa Kasesya, ukipitia Matai, unaenda asubuhi unarudi jioni. Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili. Na kuna wazee wengi huku waliowahi kwenda kutafuta maisha kwenye migodi ya shaba. Baba yangu mdogo ni mmoja wao. Alifanya kazi Kitwe akiwa kijana, akarudi na redio, koti la ngozi na gitaa alilojifunza kwa rafiki. Baadaye alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ndogo hapa mjini, bendi ambayo haikuwahi kurekodi hata wimbo mmoja.

Julai iliyopita, ule msimu wa baridi ambao hata mchana huku unakaa na koti, nilimwekea Sunburst kwenye simu. Alisikiliza nyimbo tatu, kichwa ameinamisha. Nilitegemea aseme kitu kuhusu sauti. Akauliza:

"Mwanangu, vyombo vilikuwa vya nani?"

Sikuelewa. Akanieleza kwa subira. Kule Kitwe, alisema, vijana walijichanga wakanunua vyombo, au mwenye baa aliwakodishia. Zilikuwepo kampuni za santuri, na ukipiga vizuri kuna mtu atataka kukuuza. Huku kwetu bendi kubwa zilikuwa za mashirika: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ya kiwanda cha nguo, Polisi, JKT. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, jambo zuri sana, lakini gitaa lilikuwa la ofisi. Na bendi yao ya Sumbawanga ilikuwa hivyohivyo, vyombo ni vya taasisi. Alipokuja bosi mpya asiyependa kelele, vyombo vikafungiwa stoo. Bendi ikaishia siku ile.

"Sisi hatukuvunjika," alisema. "Tulinyang'anywa funguo."

Baada ya maneno hayo nikaisikia albamu kwa sikio jingine. Huko Zambia, miaka hiyohiyo, akina WITCH na Amanaz walikuwa wanatoa albamu za roki ambazo leo zinaitwa Zamrock. *Africa* ya Amanaz, ya mwaka 1975, nayo imetolewa upya na lebo ya Marekani, Now-Again, ikiwa na michanganyo miwili ya sauti ya nyimbo zilezile: mmoja mkavu, mwingine wenye mwangwi. Fikiria anasa hiyo! Bendi iliyosahaulika ina matoleo mawili ya albamu yake, na ya Sumbawanga haina hata nusu dakika. Tofauti siioni kwenye kipaji. Naiona kwa mwenye funguo, na kama kulikuwa na mtu wa kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Hapo ndipo furaha yangu juu ya matoleo haya inapoingia doa. Tunapenda kusema kwamba santuri nzuri haipotei, siku moja itafufuliwa. Lakini kinachofufuliwa ni kile kilichowahi kurekodiwa. Toleo lililopanuliwa linachota kwenye makabati ya studio, na nyanda zetu za juu hazikuwa na studio. Sunburst wenyewe wameponea kwenye tundu la sindano: kanda za redio ya taifa, santuri ndogo chache, na nchi jirani iliyowafungulia mlango. Ukiondoa kimojawapo, toleo la 2016 lingekuwa jembamba zaidi.

Hata hivyo ninakushauri uitafute. Anza na nyimbo za Kiswahili, halafu ndiyo uende kwenye albamu. Isikilize kama unavyosoma mashairi huru: usihesabu mizani, fuata pumzi. Kuna nyimbo zinazochosha, hasa zile ambazo gitaa linajisahau likazunguka palepale. Lakini zile bora zinakuonesha Kiswahili kikibebwa na muziki tulioambiwa hautufai, na kinabebeka vizuri tu.

Baba mdogo aliniomba nimwekee nyimbo mbili kwenye kadi ya simu yake. Alichagua "Simba Anguruma" na "Enzi za Utumwani". Nilipomuuliza kama naye ataniimbia zile za bendi yao nizirekodi, alisema ridhimu peke yake haina maana, na yule wa solo alishafariki. Kisha akaanza kupigapiga meza kwa vidole, taratibu, akinionesha gitaa la solo lilikuwa linaingilia wapi.