Kimo Hakipigi Pasi

Kwenye viwanja vyetu mkoani Tanga, mchezaji hupimwa kwa macho kabla hajagusa mpira. Nimezunguka Handeni na Korogwe miaka kadhaa nikiandika habari za michezo ya shule na vyuo vya ualimu, na hukumu ninayoisikia zaidi kwenye mchujo ni ileile: "Dogo anajua, ila mwili hana." Basi, kesi imefungwa. Dogo anavua jezi, anampisha mwenye mabega.

Wanaoumia zaidi ni viungo wachezeshaji. Ajabu ni kwamba kazi yao ndiyo isiyodai urefu. Xavi ana sentimita 170, Iniesta 171. Hispania ilitwaa Kombe la Dunia 2010 ikiwategemea wao katikati. Hata Marekani, kwenye mpira wao wa kubeba mikononi, Doug Flutie wa Boston College alionekana mfupi mno kwa nafasi ya kwotabeki, yule mpanga mashambulizi anayerusha pasi. Alikuwa na takriban sentimita 178, na mwaka 1984 akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Kwa kimo hicho, Korogwe angepangwa beki wa kati!

Ufupi, basi, uko machoni mwa anayepima. Ila una upande mwingine unaoniuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta takriban watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Handeni mvua ikigoma, mahindi hukauka shambani na sahani ya mtoto hupungua. Si kila kijana mfupi alilala njaa. Wengine wamerithi, wengine wanachelewa tu kukua. Lakini yupo aliyekosa lishe, na tukimkata kwa kimo tunamwadhibu mara ya pili kwa njaa ileile.

Sisemi tuwape namba kwa huruma. Tuwapime kwa kazi. Kabla ya kupokea pasi, ametazama nyuma mara ngapi? Mguso wa kwanza unampeleka penye nafasi, au kwa mpinzani? Akibanwa, mguu wa pili anao? Kisha afundishwe kuachia mpira mapema, apewe namba sita mwenye nguvu wa kumlinda, na mwili ujengwe taratibu.

Kocha mwenye daftari atayaona hayo ndani ya mechi mbili. Anayepima kwa macho hatayaona, maana dogo atashakuwa stendi, begi mgongoni, anasubiri gari la kwao.