Maseno: Samaki, mrenda na siri ya mpwa wangu

Msomaji mpenzi, je, umewahi kunywa chai ya asubuhi katika nusu ya kusini ya dunia, na ifikapo saa saba mchana ukawa unakula ugali katika nusu ya kaskazini, yote hayo kwa nauli ya matatu? Ukitaka kufanya hivyo, nenda Kisumu, upande gari linaloelekea Busia. Baada ya kilomita 25 hivi utaona ishara kando ya barabara ikikuarifu kwamba unavuka Ikweta. Naam, hapo ndipo Maseno.

Mji wenyewe si mkubwa, lakini jina lake halikuanza jana. Shule ya Maseno ilianzishwa na wamishonari mwaka wa 1906, na miongoni mwa waliosoma humo ni marehemu Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya. Chuo kilichokuwa hapo kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2001. Tangu hapo vijana wamemiminika kutoka kila pembe ya nchi, na penye vijana hapakosi jiko.

Sikwenda Maseno kutalii tu. Dada yangu ndiye aliyenituma. Binti yake anasoma huko mwaka wa pili, na likizo iliyopita alirudi Nairobi akiwa amekonda hadi sketi ikawa inashikizwa kwa pini. Kila akiulizwa, jibu lilikuwa lile lile: "Niko sawa, Mama." Basi dada akaniambia, "Wewe ni mwandishi, kazi yako ni kuuliza maswali. Nenda ukaone mwanangu anakula nini."

Nilikaa huko siku tatu, na nilichoona ndicho ninachokuletea leo.

Usidanganywe na vigae

Siku ya kwanza niliponzwa na macho. Niliona mkahawa mmoja wenye sakafu ya vigae, viti vipya na orodha ndefu ya vyakula iliyobandikwa ukutani. Jina lake nalihifadhi. Niliagiza samaki wa kukaanga, nikasubiri karibu saa nzima, kisha nikaletewa samaki aliyekaangwa jana, akarudishwa kwenye mafuta leo, akafunikwa kwa mchuzi mzito ili nisimtambue. Tumbo langu lilimtambua usiku huo huo.

Mpwa wangu alicheka sana nilipomsimulia asubuhi. "Mjomba, hapo hula wageni," akasema. "Twende nikuonyeshe tunapokula sisi."

Alinipeleka upande wa Nyawita, mtaa wenye vyumba vingi vya kupanga vya wanafunzi. Huko hakuna vigae. Kuna vibanda vya mabati, majiko ya makaa, na sufuria zilizofunikwa kwa sinia. Lakini tazama foleni! Ukiwa mgeni katika mji wa chuo, msomaji, shika kanuni hii: usitazame viti, tazama foleni. Mwanafunzi hana pesa za kupoteza, kwa hivyo anapopanga foleni amekwisha kufanya utafiti wake.

Wengi hawali hapo. Hununua chakula cha kubeba, wakaenda kula chumbani huku wakisoma. Zamani kilitiwa kwenye mfuko wa plastiki, lakini tangu Serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017, wanafunzi huja na bakuli zao zenye vifuniko. Ukija mikono mitupu, chapati utafungiwa kwa karatasi. Niliona maandazi yakifungwa kwa gazeti na nikajiuliza kama makala haya nayo yataishia kwenye mafuta. Wino wa gazeti si kitoweo, jamani. Beba bakuli.

Ziwa likikutana na shamba

Utamu wa Maseno unatokana na mahali ilipo. Upande mmoja kuna Ziwa Viktoria na samaki wake, upande wa pili kuna mashamba ya Vihiga na mboga zake. Viongozi wa kaunti za Kisumu na Vihiga wamezozana mara kwa mara kuhusu mpaka kupita hapo, lakini ndani ya sufuria mpaka huo haupo.

Anza na omena, wale dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na omena huadimika. Mpishi mzuri huwaosha kwa maji ya moto mara kadhaa ili mchanga utoke, kisha huwakaanga hadi wakauke, ndipo atie kitunguu na nyanya. Ukisikia mchanga ukisaga kati ya meno, jua mpishi alikuwa na haraka, nawe tafuta kibanda kingine.

Baada ya omena kuna ngege, anayependwa na wengi lakini bei yake humkimbiza mwanafunzi. Halafu kuna kile wanachokiita mgongo wazi. Samaki aina ya mbuta, ambaye hakuwa wa asili ya ziwa hili bali aliingizwa katika miaka ya 1950, ana minofu mikubwa inayonunuliwa na viwanda na kuuzwa ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa, mifupa na nyama kidogo iliyong'ang'ania. Mabaki hayo hukaangwa kwa karai na kuuzwa rahisi. Nilikula. Kuna kazi ya vidole, lakini ile nyama ya shavuni ni tamu ajabu. Hata hivyo nilifikiri sana nikiitafuta nyama kwenye ule mfupa: samaki wetu hula Ulaya, sisi tunabaki na uti wa mgongo.

Siku ya pili tulipanda matatu hadi soko la Luanda, mwendo mfupi kutoka Maseno. Huko utapata mrenda, ambao Waluhya huuita murere na Waluo huuita apoth. Hupikwa kwa munyu, yaani maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu, ili ulainike na kuteleza. Kuna sagaa, chungu kidogo, inayopozwa kwa maziwa. Kuna kunde na mnavu. Nilijaribu vyote pamoja na ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mweusi na mzito, ambao ukiula mchana hutauliza chakula cha jioni.

Alasiri mvua ilinyesha, kama ilivyo desturi ya huko. Tukajikinga chini ya paa la mabati la kibanda kimoja Nyawita, na hapo ndipo safari yangu ilipobadilika.

Daftari la Mama

Mwenye kibanda ni mama wa makamo, na wateja wote humwita Mama tu. Alimwona mpwa wangu akaita kwa furaha, "Nyathina, leo umekuja mapema!" Kisha akanigeukia mimi. "Huyu huja saa kumi jioni, kila siku. Chapati moja, maharagwe nusu, na kuniomba nimwongezee mchuzi. Nimemwambia akope kama wenzake, hataki."

Nilimtazama mpwa wangu. Alikuwa anatazama mvua.

Saa kumi jioni, chapati moja. Asubuhi je? Maji. Mchana? Maktaba. Nilimuuliza fedha za matumizi alizokuwa akipewa na ule mkopo wa HELB zilikwenda wapi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema polepole kwamba ndugu yake yumo kidato cha tatu, na mara mbili amefukuzwa kwa ajili ya karo. Kwa hivyo mkopo ukiingia, yeye huutuma nyumbani kwa simu, na kumwambia mama yake ni pesa zilizobaki.

"Usimwambie Mama," akaniomba. "Atazirudisha, halafu Brayo atakaa nyumbani."

Ewe msomaji, ungefanya nini? Nilitumwa kuleta habari, na sasa habari ilikuwa hii. Nikimficha dada, nimemsaliti. Nikimwambia, nimemsaliti mtoto aliyeniamini. Mwishowe nilimwambia, "Mimi sitasema. Utasema wewe, nami nitakuwa nimekaa hapa." Ilichukua chai mbili. Mvua ilipopungua akapiga simu.

Dada alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikamsikia akiuliza, "Kumbe karo ya Januari niliilipa na chakula chako?" Hakumgombeza. Alilia kidogo, akasema pesa hizo zisitumwe tena, na karo ya kijana itazungumzwa na wakubwa. Wakubwa hao ni pamoja nami, na tulizungumza Jumapili iliyofuata. Kila mmoja amebeba sehemu yake. Ni dada mwenyewe aliyeniambia niyaandike haya, akisema huenda kuna mama mwingine anayepokea "pesa zilizobaki".

Kwako mzazi

Kabla sijaondoka nilirudi kwa yule Mama. Ana daftari la madeni, kurasa na kurasa za majina ya vijana. Nilimuuliza kama anaweza kupokea pesa kabla ya chakula badala ya baadaye. Alicheka, akasema hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. Tulihesabu pamoja: mlo wa mchana wenye ugali, mboga na omena au maharagwe, siku sita kwa wiki, kwa mwezi mmoja. Nikalipa. Akafungua ukurasa mpya upande wa nyuma wa daftari, akaandika jina la mpwa wangu na kupiga mstari chini yake.

Nakushauri nawe ufanye hivyo ukiweza. Pesa taslimu huwa na miguu, hasa mkononi mwa mtoto mwenye moyo mwema. Mlo uliolipiwa hautumiki kwa simu. Na unapompigia mwanao, usimuulize tu kama yu sawa, maana atakwambia yu sawa. Muulize alikula nini jana mchana, na alikula wapi.

Ukipita Maseno, basi, usiishie kupiga picha kwenye Ikweta. Shuka, ufuate foleni, ubebe bakuli lako. Omba mrenda na omena, na kama mfuko unaruhusu, agiza ngege.

Juzi mpwa wangu alinipigia simu. Sikuuliza kama yu sawa.

"Mgongo wazi na sagaa, Mjomba," akasema kabla sijafungua kinywa. "Na Mama ameniongezea mchuzi bila kuombwa."