Posho je?

Kwa kijana wa Tabora aliyemaliza sekondari na hana mjomba ofisini, kazi ambayo haiishi kutangazwa ni ya masoko. Benki wanataka shahada. Reli wanataka mafundi. Watu wa masoko wanataka "kijana mchangamfu, anayejua kuongea na watu, uzoefu si lazima". Basi hapa Gongoni sote ni wachangamfu. Nimeona vijana wapole kabisa, wasioweza hata kumdai konda chenji, wakijizoeza kutabasamu mbele ya kioo cha kinyozi.

Tangazo lililonipata mimi lilibandikwa ukutani kwenye duka la steshenari. Msambazaji mmoja wa sabuni, ambaye jina lake nitaliacha, alitafuta maafisa masoko wa kuanzia, wa kuzunguka Sikonge, Urambo na vijiji vya njiani. Afisa masoko, sikilizeni cheo hicho! Mama yangu, ambaye ameuza nyanya na dagaa gengeni tangu sijazaliwa, aliuliza, "Ndiyo nini hiyo?" Nikamwambia ni mtu wa kuwafanya watu wanunue. Akasema, "Ahaa. Kumbe na mimi ni afisa."

Wenzangu mnaoandika mtanielewa. Nina madaftari matatu ya riwaya chini ya godoro, na swali la kwanza la usaili, wote tunalijua, ni "tueleze habari zako." Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la dakika mbili. Kwa anayeandika riwaya ni sura nzima. Uanzie wapi? Kwa baba aliyestaafu reli, au kwa cheti cha kidato cha nne? Tena wanauliza kwa Kiingereza, wakati sabuni yenyewe itauzwa kwa Kiswahili na Kinyamwezi. Nilijibu kwa Kiingereza cha shule, sentensi tano, zote zikafika salama. Madaftari sikuyataja. Hayakuwa yanawahusu.

Mezani walikuwa watatu, wanaume wawili na dada mmoja aliyekuwa akiandika. Yule mwenye tai akasukuma pakiti ya sabuni ya unga mbele yangu. "Niuzie."

Waliotangulia tuliwasikia kupitia mlangoni. Mmoja aliimba tangazo la redio mwanzo mpaka mwisho. Mwingine aliapa kwamba sabuni ile inatoa hata wino. Mimi nikauliza, "Samahani bosi, wewe ni nani?" Akanitolea macho. Nikamfafanulia: ni mama wa Gongoni mwenye bomba uani, au ni mkulima wa tumbaku kule Sikonge?

Hapa lazima nieleze kidogo, maana jambo hili nililitoa mbali. Mji wetu huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya bara. Waliotoka Bagamoyo walipumzika hapa, kisha wengine wakaenda Ujiji, wengine Karagwe na Buganda. Burton alifika 1857, wakati ule pakiitwa Kaze. Stanley alikaa Kwihara 1871, na lile tembe tulipelekwa kulitazama tulipokuwa shule. Wengi wanakijua kitabu chake cha 1872 kwa ajili ya Livingstone. Mimi kilichonishika ni shanga. Anasimulia alivyohangaika Unguja kabla ya safari, akijifunza shanga zipi zinapokelewa wapi. Nyekundu, zile za samisami, ndizo zilizotakiwa Unyamwezi. Nyeusi zilikuwa fedha huko Ugogo, lakini kwingine hakuna aliyezitaka. Nyeupe zilikwenda Ufipa, ila Ukonongo walizidharau. Ukikosea rangi, unaweza kuwa na mizigo na mizigo ya mali na bado ukalala na njaa.

Basi nikamwambia bosi: mkulima akichuma tumbaku, utomvu wa majani unamganda mikononi mpaka unakuwa mweusi kama lami. Huyo hana shida na maua yaliyochorwa kwenye pakiti. Anataka kutoa ule weusi. Pesa anaipata kwa mkupuo, tumbaku ikishauzwa. Miezi mingine anakata kipande cha mche wa sabuni, hatazami kilo nzima. Mama wa gengeni naye anashika pesa kila siku, kidogo kidogo, atachukua kipakti cha kufulia mara moja. Ukienda kwa wote wawili na wimbo mmoja wa redio, umebeba shanga nyeusi Unyamwezi.

Mwenye tai akacheka. "Kijana, hapa si kipindi cha historia." Dada akaendelea kuandika.

Ndipo wakafika kwenye masharti. Miezi mitatu ya kwanza hakuna mshahara, ni kamisheni tu. Nauli juu yako. Chakula juu yako. Mzigo ukipotea, juu ya mdhamini wako.

"Na posho je?" nikauliza.

"Posho ni ya walioajiriwa."

Neno hilo ni la njia ile ile ya misafara. Posho ilikuwa riziki ya kila siku ya mpagazi, kibaba chake cha nafaka, au kitambaa na shanga za kununulia chakula. Sisemi zilikuwa siku njema. Njia hiyo ilipitisha watumwa, na wapagazi wengi walizikwa kando yake. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi wengi walikuwa watu huru, walipatana ujira kabla ya kuinua mzigo, na posho ikikatwa waligoma, au walitoroka usiku na mwenye msafara akaamka mizigo iko chini. Tajiri aliyetaka pembe zake zifike pwani alijua kwamba mpagazi lazima ale leo.

Hayo sikuyasema mezani. Niliuliza tu: siku ya kwanza, kabla sijauza hata pakiti moja, nitakula nini huko Sikonge? Mwenye tai akatazama saa. Dada akainua kichwa, akasema taratibu, "Mdogo wangu, wengi huanzia nyumbani."

Alisema kweli. Washikaji wanne wa mtaani kwetu walishaingia kazi za namna hii, na hadi leo amebaki mmoja. Watatu walirudi na madeni kwa mama zao. Nauli ya afisa ilitoka kwenye vitumbua, chakula chake kikatoka kwenye mkaa wa kupima kwa kopo. Huko ofisini nadhani wanaandika kwamba gharama zimepungua. Zimehamia Gongoni.

Siku ya tisa ujumbe ukaja kwenye simu: nimechaguliwa, nifike Jumatatu na picha mbili na barua ya mdhamini. Nikapiga. Akapokea yule dada. Nikamwamkia, nikamwambia nitakuja, ila naomba nauli na chakula cha wiki ya kwanza, wanikate kwenye kamisheni nikishauza. Kimya. Halafu, "Subiri kwanza nikuulizie."

Mama alikuwa pembeni anapanga nyanya mafungu mafungu.

"Wamesemaje?"

"Wanaulizana."

"Waache waulizane," akasema. "Nishikie hiyo ndoo."